Kusoma sheria za teknolojia: mwongozo kwa kijana wa Bukundi na kwingineko

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka kuna vijana wa Meatu na Bariadi wanaouliza swali lile lile: hii sheria ya teknolojia inasomewa wapi, miaka mingapi, na kazi ipo kweli? Wengine wanadhani mpaka uwe fundi wa kompyuta. Wengine wanasema hayo ni mambo ya Dar na Ulaya, huku Bukundi hayatuhusu. Yote mawili si kweli, na naanza na hilo la pili.

Tuseme mzee mmoja wa Bukundi kalipwa hela ya pamba, iko kwenye simu. Kijana wake yuko shule anasubiri ada. Mara unaingia ule ujumbe ambao kila Mtanzania anaujua: ile hela itume kwenye namba hii. Mzee anatuma. Imekwenda. Sasa anapanda gari mpaka Mwanhuzi polisi, halafu?

Hapo ndipo sheria ya teknolojia ilipo. Aliyetuma ujumbe kafanya udanganyifu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu chake. Laini aliyotumia pengine imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hilo linaangukia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Polisi wanataka kumbukumbu za simu kutoka kwenye kampuni: wanaruhusiwa kuzipata vipi? Soma kifungu cha 32 cha hiyo ya 2015. Ujumbe ulioko kwenye simu ya mzee utapokelewaje mahakamani? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ya 2015 pia, kifungu cha 18. Na kampuni ya simu ina wajibu gani kwa hela ya mteja? Hapo unafungua Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ya mwaka huo huo. (Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria kama zilivyotungwa.)

Sheria zote hizo kwa ujumbe mmoja wa simu. Na wilayani kwetu ni nani anaweza kumweleza mzee yule mambo haya kwa Kisukuma? Kwa leo mzee atume ule ujumbe kwenda 15040, halafu apige *106# aone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Lakini hiyo siyo kesi, ni taarifa tu.

Haya, twende shule.

Kwanza tuelewane maneno. Wamarekani wakisema "law school" wanamaanisha kitivo cha sheria. Bongo ukisema Law School watu wanaelewa ile Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ambayo unaingia BAADA ya digrii ili uweze kuwa wakili. Kwa hiyo njia ni ndefu. Kwanza LLB, ambayo Mlimani ni miaka minne. Kisha Law School. Ukitaka kubobea, unafuata uzamili. Kwa mtu wa Simiyu chuo cha jirani chenye sheria ni SAUT, pale Mwanza. Kwa anayefanya kazi na hawezi kuhama kuna Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani, na ambacho kimekuwa na shahada ya uzamili ya sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya simu. Kabla hujajaza fomu angalia mwongozo wa TCU wa mwaka husika, maana kozi huwa zinafunguliwa na kufungwa.

Law School msiichukulie poa. Mwaka 2022 matokeo yalizua zogo nchi nzima: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Walilaumiwa wanafunzi, wakalaumiwa walimu, vyuo vilivyowapika navyo vikalaumiwa, na lugha ya Kiingereza haikupona.

Sasa swali la msingi: usome "sheria ya mitandao" kama somo la peke yake au usome sheria kwanza? Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1996 jaji mmoja Mmarekani, Frank Easterbrook, alisema kuwa na somo la sheria ya mitandao ni sawa na kuwa na somo la sheria ya farasi. Farasi anauzwa, anaibwa, anampiga mtu teke, lakini hayo yote ni mikataba, jinai na madai ya kawaida. Lawrence Lessig akamjibu mwaka 1999 kwamba mtandao una jambo jipya: programu yenyewe inamtawala mtu kama sheria inavyomtawala.

Kwa maoni yangu Lessig alishinda hoja, ila kwa mwanafunzi wa hapa kwetu ushauri wa Easterbrook ndio wenye faida. Anza na Ushahidi. Narudia, USHAHIDI. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya 1967, wakati huo nani alikuwa na kompyuta? Ndiyo maana mwaka 2000 katika kesi ya Trust Bank na Le-Marsh, Mahakama Kuu kitengo cha biashara ilibidi iamue kama karatasi iliyochapwa kutoka kompyuta ya benki ni sawa na daftari la benki. Jaji Nsekela aliikubali. Bunge likafuata na marekebisho mwaka 2007, halafu zikaja zile sheria za 2015. Huwezi kuielewa safari hiyo kama ulilala kwenye somo la Ushahidi mwaka wa pili. Kesi nyingi za mtandao hufia hapo hapo: ujumbe umepigwa picha, simu imefutwa, hakuna anayeweza kueleza ulihifadhiwa vipi.

Vitabu? Tafuta cha Adam Mambi cha 2010 kuhusu sheria za TEHAMA Tanzania na Afrika Mashariki. Kimezidiwa umri na sheria za 2015, lakini msingi kinao. Kwa faragha, soma kazi za Alex Makulilo.

Kesi ndizo tamu zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, na moto ukawaka papo hapo, hasa kifungu cha 16 cha taarifa za uongo. Wakili Jebra Kambole alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 kifungu cha 50, kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka nguvu ya kumalizana na mtuhumiwa kwa malipo, kikaonekana kukiuka Katiba. Vifungu vingine alivyovipinga vilibaki. Jamii Media nao walipinga utaratibu wa polisi kudai taarifa za watumiaji, wakashindwa 2017. Maxence Melo wa JamiiForums alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia upelelezi, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Ukizisoma kesi hizi linganisha na za jirani: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kadi za Huduma zilianza kutolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanyika. Hiyo hoja ya Kenya wanafunzi wetu wengi hawaijui kabisa, na ni silaha.

Upande wa sera watu wanausahau. Kwa nini mnara ujengwe kijiji hiki na si kile? Kampuni haipeleki mnara pasipo na faida, ndiyo maana mwaka 2006 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku kwa maeneo kama yetu. Anayejua sheria hiyo anaweza kukaa na diwani na mbunge akauliza maswali yenye meno.

Kazi je? Uwakili wa mitandao peke yake haujazi chungu, nawaambia ukweli. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwenye Tume na ziwe na afisa wa ulinzi wa taarifa. Hospitali, shule, SACCOS, benki, wote wamo. Hapo kuna ajira, na wengi waliopewa cheo hicho hawajui waanzie wapi.

Na kwa aliyeishia kidato cha nne: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizia halmashauri ya wilaya, Mwanhuzi, jinsi ya kupata mafunzo na kusajiliwa. Yule mzee wa pamba huenda akakuhitaji wewe kabla hajamhitaji wakili.