Bastola za shabaha za kaliba .22: kukwama kwa risasi na uchaguzi wa risasi

Bastola za shabaha za kaliba .22 ni bastola za michezo zinazopiga risasi ndogo iitwayo .22 Long Rifle. Nyingi hujipakia zenyewe: nguvu ya risasi inayotoka husukuma bolti au slaidi nyuma, ganda likatupwa nje, kisha springi ikairudisha mbele pamoja na risasi inayofuata. Ndizo zinazotumika katika mashindano ya mita 25 ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shabaha (ISSF), na vilevile katika mtindo wa Marekani ujulikanao kama bullseye. Zinasifika kwa usahihi na kwa teke dogo, lakini hukwama mara nyingi kuliko bastola za kaliba kubwa. Lawama huangukia upesi kwenye bastola, ilhali chanzo kwa kawaida ni magazini, uchafu wa chemba, au risasi isiyopatana na springi ya bastola husika.

Muundo wa risasi

Asili ya risasi hii ni Ufaransa, ambako Louis-Nicolas Flobert alibuni mwaka 1845 risasi ndogo ya kulengea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa .22 Short pamoja na bastola yake ya kwanza. .22 Long Rifle yenyewe ilitokea mwaka 1887 na huhesabiwa kuwa kazi ya kiwanda cha Stevens, kilichochukua ganda la .22 Long na kulitia kichwa kizito zaidi cha greini 40, yaani gramu 2.6. Risasi nzima ina urefu wa milimita 25.4, na ukingo wa kitako chake una upana wa takriban milimita 7.1.

Fataki haikai katikati ya kitako bali imepakwa ndani ya ukingo. Kiwandani hutiwa ikiwa mbichi, kisha husambazwa kwa kuzungushwa kwa kasi hadi ijaze ukingo wote. Pini hulipua kwa kuuponda ukingo huo, kwa hiyo ganda halina budi kuwa jembamba, na likishatumika haliwezi kujazwa tena. Kichwa nacho kina upana sawa na ganda. Ni sehemu yake ya nyuma tu iliyopunguzwa ili iingie ndani. Ndiyo maana nta au grisi ya kulainisha hupakwa nje, juu ya madini laini ya risasi, mahali inaponasa vumbi na nyuzi za mfukoni na kuacha utando kila inapopita. Takriban hitilafu zote zinazoelezwa hapa chini zinatokana na mambo haya: ukingo unaochomoza, ganda jembamba, kichwa laini na nta ya nje.

Historia ya bastola

Colt Woodsman, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1915, ilikuwa miongoni mwa bastola za mwanzo za aina hii kupendwa sana. Iliundwa kwa risasi za mwendo wa kawaida. Risasi za mwendo kasi zilipoingia sokoni karibu na mwaka 1930, kiwanda kililazimika kuimarisha sehemu ya nyuma inayobeba springi kuu. Hilo linaonyesha kwamba suala la risasi kupatana na bastola ni la zamani sana.

Mwaka 1949 William Ruger na Alexander Sturm walianzisha kampuni yao huko Southport, Connecticut, kwa bastola moja tu ya .22 yenye bolti ya mviringo. Toleo lake la shabaha, Mark I, lilifuata mwaka 1951. Smith & Wesson walitoa Model 41 mwaka 1957, bastola yenye triga bora na chemba ya kubana. High Standard, pia ya Connecticut, ilitawala viwanja vya Marekani kwa miongo kadhaa kabla ya kufungwa mwaka 1984. Ulaya ilikuwa na Walther GSP ya Ujerumani, Hämmerli 208 ya Uswisi na, baadaye, Pardini SP ya Italia. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na bastola ya Mikhail Margolin, mbunifu aliyepofuka akiwa kijana na aliyefanya kazi kwa kupapasa vielelezo kwa vidole.

Mchezo wa kupiga kwa haraka wa mita 25 una historia ndefu katika Olimpiki. Mchezaji wake asiyesahaulika ni Károly Takács wa Hungaria. Bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938. Akajifundisha kupiga kwa kushoto, akatwaa dhahabu London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Kwa muda mrefu mchezo huo ulitumia .22 Short kwa sababu ya teke lake dogo, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2005 na .22 Long Rifle ikawa ndiyo pekee.

Vyanzo vya kukwama

Magazini

Kila uchunguzi unafaa kuanzia hapa. Midomo ya magazini ndiyo inayoamua risasi iachiliwe lini na kwa pembe gani. Ikiwa imepanuka, risasi huinuka mapema na pua yake hugonga juu ya mdomo wa chemba. Ikiwa imebana, risasi huchelewa kuachiliwa na pua huinama. Ushahidi huonekana kwenye risasi yenyewe: ichomolewe taratibu, igeuzwe kwenye mwanga, itazamwe pua. Madini yake ni laini kiasi cha kuchorwa na ukucha, kwa hiyo alama hubaki wazi. Mkwaruzo chini ya pua humaanisha iligonga mteremko unaoelekeza risasi chembani ikiwa imeinama. Pua iliyokwanguliwa juu humaanisha ilipanda mno. Katika High Standard, fundi hurekebisha midomo hiyo kwa koleo kidogo kidogo na kujaribu kila baada ya kuigusa. Asiye na uzoefu huiharibu kwa kukaza mara moja kupita kiasi, na magazini za zamani ni ghali.

Namna ya kupakia pia ina athari. Magazini ya Ruger ina kitufe cha kushusha springi. Kikivutwa hadi chini na risasi zikadondoshwa kwa mkupuo, baadhi hukaa pua chini, na bolti ikija huzisukuma ukutani. Kitufe kishushwe kwa nafasi ya risasi moja tu kila mara. Ukingo wa risasi ya juu uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma yake, risasi mbili huburutana na bolti husimama njiani. Wapiga bullseye hupakia risasi 5 tu, kwa kuwa mizunguko yao ni ya risasi 5, na hilo huipa springi ya magazini kazi nyepesi.

Magazini zipewe namba kwa rangi au mkwaruzo. Hitilafu ikifuata namba moja, chanzo kimejulikana na bastola haina kosa. Ni hatua rahisi ajabu, nayo hurukwa na wengi wanaokimbilia kubadilisha springi na vipuri.

Chemba

Chemba ya bastola ya shabaha hukatwa kwa kubana ili kichwa kiingie sawasawa kwenye mifuo ya mtutu. Faida yake ni usahihi. Gharama yake ni kwamba uchafu mdogo tu hutosha kuzuia risasi isikae hadi mwisho. Pete ya masizi, nta na madini hujijenga mbele ya chemba, hasa pale ambapo .22 Short imepigwa katika chemba ya .22 Long Rifle, kwa kuwa ganda lake fupi huacha sehemu wazi. Brashi ya shaba na kitambaa chenye kiyeyusho, vikizungushwa ndani ya chemba penyewe badala ya kupitishwa mtutuni tu, huondoa pete hiyo. Kipimo kizuri ni kutoa mtutu, pale inapowezekana, na kudondosha risasi kwa mkono: inapaswa kuingia karibu yote na kukaa kwa msukumo mdogo wa kidole.

Tatizo la pili la chemba husababishwa na mwenye bastola. Pini ya bastola tupu ikigonga ukingo wa chemba huacha kovu na kijisehemu cha chuma kilichoinuka, na maganda huanza kunasa hapo. Katika Ruger kuna kipini kidogo cha kuzuia pini isifike chemba. Kikisahauliwa baada ya usafi, mazoezi ya kufyatua bila risasi huharibu mtutu kwa siku chache. Wengi hutumia plagi ndogo za plastiki za ukutani badala ya risasi za mazoezi.

Ganda kusimama dirishani

Hii ndiyo hitilafu inayoonekana zaidi: ganda tupu limebanwa wima kwenye dirisha la kutolea maganda. Maana yake bolti haikurudi nyuma vya kutosha au kwa kasi ya kutosha. Risasi inaweza kuwa dhaifu, springi ngumu, grisi nzito kwa baridi, ndoano ya kuvutia ganda imelika au imejaa masizi, au kiwiko na kiganja cha mpigaji kimelegea. Darubini au kionyeshi cha nukta kilichofungwa juu ya slaidi huongeza uzito unaopaswa kusukumwa. Kikifungwa juu ya mtutu, uzito huo hauihusu slaidi. Jaribio la haraka ni kupiga risasi chache zenye nguvu kidogo zaidi. Hitilafu ikitoweka, tatizo ni uwiano wa nguvu na springi. Isipotoweka, ndoano na chemba zikaguliwe.

Risasi isiyolipuka

Ganda lizungushwe na kurudishwa. Likilipuka mahali papya, fataki haikusambaa vizuri ukingoni. Ikiwa maganda yote yana alama za pini zisizo na kina, pini, springi yake au njia yake ni chafu au imechoka. Kuna chanzo cha tatu: risasi isiyokaa vizuri chembani. Pigo la kwanza huimaliza nguvu yake kwa kuisukuma mbele, la pili ndilo huilipua.

Uchaguzi wa risasi

Risasi za mwendo wa kawaida hutoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Za mwendo kasi hufika karibu mita 380, na CCI Stinger hutangazwa kuzidi 490. Kwa bastola za shabaha, aina ya kwanza ndiyo inayofaa. Springi zake zimepimwa kwa nguvu hiyo, teke ni dogo, na bastola hurudi kwenye shabaha upesi. High Standard na Model 41 zilizolishwa risasi kali kwa miaka huchakaa fremu, na High Standard hupasuka kabisa. Kuweka springi nyepesi ili risasi hafifu ifanye kazi, kisha kupiga kali kwa springi hiyohiyo, ni kuiua bastola.

CCI Standard Velocity, inayotengenezwa Lewiston, Idaho, ni chaguo la wengi Marekani kwa mazoezi na hata mashindano. Ulaya hutawaliwa na SK Pistol Match na Lapua, zinazotoka Schönebeck nchini Ujerumani, na Eley ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1828. Eley Tenex ya kawaida ina pua bapa inayosumbua baadhi ya bastola zinazojipakia. Toleo lake la bastola lina pua ya mviringo. Umbo la pua, aina ya nta na ugumu wa ukingo hutofautiana kati ya viwanda, na hakuna risasi iliyo bora kwa bastola zote. Hata bastola mbili za modeli moja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Kutegemewa kutangulie usahihi. Katika shabaha ya ISSF ya kulenga kwa makini, duara la 10 lina kipenyo cha milimita 50, na katika ile ya kupiga kwa haraka ni milimita 100. Risasi ya bei nafuu inayokusanya matundu ndani ya milimita 25 kwa mita 25 inatosha kabisa, ilhali kukwama kumoja kunaweza kugharimu pointi nyingi. Risasi hujaribiwa kwa kupiga angalau 50 za aina moja bila kubadilisha kitu kingine, kwa sababu mtutu unahitaji risasi kadhaa kuzoea nta mpya. Ikifaulu, sanduku kubwa la shehena hiyohiyo hununuliwa, kwani namba ya shehena iliyopigwa chapa kwenye boksi ina uzito kuliko jina la risasi.

Baadhi ya wapigaji hudondosha tone la mafuta juu ya risasi ya kwanza ya kila magazini. Husaidia bastola iliyokauka, lakini mafuta yakizidi hukusanya masizi.

Kanuni na usalama

Bastola ikikwama mashindanoni, mpigaji huinua mkono usioshika bastola, mtutu ukibaki upande wa shabaha, na haifungui hadi msimamizi afike. Msimamizi akikuta kosa si la mpigaji, mzunguko hurudiwa au kukamilishwa kwa mujibu wa mchezo. Akikuta magazini tupu au kosa jingine la mpigaji, risasi zisizopigwa ni sifuri.

Risasi isiyolia isubiriwe sekunde 30 kabla ya kuitoa. Mlio hafifu kuliko kawaida ni amri ya kusimama na kuchungulia mtutu uliotolewa risasi, kwani kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani. Bolti isigongwe kwa nguvu ili ifunge: ukingo ukilipuka nje ya chemba, ganda jembamba hupasuka na vipande vya shaba huruka usoni. Miwani na vizuizi vya masikio havina mbadala.

Hali ya sasa

Uhaba wa .22 nchini Marekani ulioanza mwaka 2013 uliwalazimisha wengi kupiga chochote kilichopatikana, na masuala ya kukwama yakaongezeka. Ruger Mark IV ya mwaka 2016 hufunguka kwa kitufe kimoja, tofauti na matoleo ya awali yaliyowatesa wamiliki kuyaunganisha, na usafi wa chemba umekuwa rahisi.