Tahadhari, hatari na onyo katika lugha ya maabara

tahadhari nm [i-/zi-], pia kt. hatari nm [i-/zi-]. onyo nm ma- [li-/ya-].

Maneno haya hukutana mlangoni mwa maabara na katika lebo za chupa za kemikali, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Methali *Tahadhari kabla ya hatari* inaonyesha kuwa sivyo. Hatari ni hali au kitu kinachoweza kudhuru. Tahadhari ni hatua ya kujihadhari ili madhara yasitokee. Onyo ni kauli inayoijulisha hatari. Neno hili linatokana na *-onya*, kitenzi chenye nasaba na *-ona*. Kwa hiyo hatari *ipo*, onyo *hutolewa*, tahadhari *huchukuliwa*.

Katika lebo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, una maneno mawili ya ishara: moja kwa madhara makali zaidi, jingine kwa yaliyo hafifu kuliko hayo. HATARI hulifaa la kwanza na ONYO la pili. Mfasiri akiandika TAHADHARI kwa yote mawili, tofauti ya ukali hupotea.

Vitenzi vinavyoandamana nayo. *-zuia* huilenga ajali yenyewe: *Kufuta maji sakafuni huzuia ajali.* *-epuka* humlenga mtu anayejitenga na hatari: *Epuka kunusa kemikali moja kwa moja.* *-kinga* hudokeza kizuizi kati ya mtu na hatari: *Miwani ya maabara hukinga macho.*

Makosa ya kuangaliwa

1. *Kimiminika kinachowaka.* Kauli hii humaanisha kwamba moto umekwisha shika. Ikiwa kinachokusudiwa ni sifa ya kudumu ya kitu kama spiriti, iandikwe *kimiminika kinachoshika moto upesi*.

2. *Changanya asidi na maji.* Kitenzi *-changanya* hakionyeshi kipi kinatangulia na kipi kinafuata, ilhali katika kuzimua asidi kali mpangilio huo ndio usalama wenyewe. Maji yakimiminwa katika asidi ya salfuriki iliyokolea, joto linalozalishwa huweza kuyachemsha papo hapo na kurusha matone ya asidi usoni mwa mwanafunzi. Afadhali: *Mimina asidi katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga.* Kihusishi *katika* hubainisha kinachopokea.

3. *Kuwa mwangalifu na asidi.* Sentensi ni sanifu, lakini haitaji tendo lolote. Agizo la maabara hukamilika linapotaja hatari na hatua pamoja: *Asidi hii huunguza ngozi. Vaa glavu. Ikikumwagikia, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka.* Hapo hatari imetajwa, onyo limetolewa, na msomaji anajua tahadhari ya kuchukua.