Waya za Meno: Miaka Mia ya Kupunguza Nguvu

Kijana mwenye waya za meno hashangazi tena mtu Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Wenzake wanachomuuliza ni kama zinauma. Swali hilo limewashughulisha madaktari kwa zaidi ya karne moja, na jibu lao limekuwa lilelile: punguza nguvu.

Mwaka 1904 Carl Sandstedt wa Sweden alionyesha kwamba jino likibanwa sana, damu haifiki pembeni mwa mzizi. Nyama ya hapo hufa, na jino husimama mpaka mwili uondoe uchafu huo. Likisukumwa taratibu, mfupa hupungua upande mmoja na kujengeka upande wa pili, nalo husogea. Mwaka 1932 A. M. Schwarz alishauri msukumo usizidi ule wa damu katika mishipa midogo kabisa, takriban gramu 20 hadi 26 kwa sentimita moja ya mraba.

Tatizo lilikuwa waya wenyewe. Dhahabu aliyoitumia Edward Angle wa Marekani ilikuwa ghali. Chuma cha pua kilichoirithi ni kigumu: hukandamiza sana siku za mwanzo, kisha hulegea na kuhitaji kukazwa upya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa alileta waya wa nikeli na titani, madini yaliyochanganywa kwanza katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Miaka ya 1990 ukaja wenye shaba ndani yake, na miongoni mwa waliouunda ni Rohit Sachdeva, aliyesomea meno Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiwa baridi hupindika kirahisi kufuata meno yaliyopandana. Ukipata joto la mdomo hurudia umbo lake, ukiyavuta pole pole kwa wiki kadhaa.

Hapa kwetu Tanzania, shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1979, jirani kabisa na Kariakoo. Kabla ya hapo aliyeitaka alikwenda nje.

Maumivu ya siku mbili tatu za mwanzo bado yapo, hata kwa waya laini. Lakini wazazi, msimsihi daktari akaze zaidi ili kazi iishe upesi. Nguvu ikizidi, jino huchelewa na mzizi huweza kulika. Mpelekeni mtoto kwa daktari aliyesomea kazi hiyo, kisha mheshimu kila tarehe anayowapangia.