Jicho la Baba Mdogo na Gesi ya Mwaka 1800

Baba yangu mdogo ana jicho moja. La pili aliliacha kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, asubuhi moja greda lilipogoma kuwaka. Betri zilikuwa zimechajiwa usiku kucha ndani ya kontena lililofungwa. Akaingia kuangalia kama zimejaa, na akafanya kile wanachofanya mafundi wetu wengi: akachukua spana, akagusisha vichwa viwili vya betri ili aone cheche. Cheche aliiona.

Nilipokuwa mdogo niliambiwa tu kwamba "betri ilipasuka". Ukubwani nikaamua kufuatilia, na jamani, kitu kilichomlipua baba mdogo kilikuwa kinajulikana tangu mwaka 1800!

Mwaka huo Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake ya kwanza. Habari zikafika London, na William Nicholson na mwenzake Anthony Carlisle, daktari wa upasuaji, wakaunda ya kwao na kutumbukiza nyaya zake kwenye maji. Yakatoka mapovu. Umeme ulikuwa umeyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Changanya gesi hizo, weka cheche, zinarudi kuwa maji kwa kishindo.

Shika hapo kwanza, twende Ufaransa. Mwaka 1859 Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha, akayakunja pamoja kama mkeka na kuyazamisha kwenye asidi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza ya risasi ya kuchaji tena. Taabu yake sasa! Ilibidi aichaji na kuimaliza, aichaji na kuimaliza, mara nyingi mno, mpaka mabamba yakolee. Tena alichajia kwa betri nyingine. Mwaka 1881 Camille Faure akayapaka mabamba uji wa oksaidi ya risasi, na kazi ikafupika. Betri za greda zimetokana na hao wawili.

Mwaka uliofuata, 1882, Gladstone na Tribe wa Uingereza wakaeleza kinachotokea humo ndani. Betri ikitumika, asidi inaingia kwenye mabamba na maji yanabaki mepesi. Ukichaji, asidi inarudi na maji yanakuwa mazito. Ndiyo maana haidromita, kile kibomba cha kioo chenye mpira wa kufyonzea, inakuambia hali ya betri bila cheche yoyote: 1.27 hivi imejaa, 1.15 imekwisha. Kule kambini hakikuwepo hata kimoja.

Na betri ikishajaa halafu ukaendelea kuichaji? Umeme unaanza kutenganisha maji, jaribio lilelile la Nicholson na Carlisle. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, inatosha kuwaka. Mwaka 1916 gesi hiyo ya betri ililipuka ndani ya nyambizi E-2 ya Marekani ikiwa gatini New York, watu wakafa. Kontena la kambini halikuwa na tofauti kubwa na nyambizi.

Nadhani kuna sababu nyingine ya ujuzi huu kutowafikia mafundi wetu. Matrekta ya dizeli ya Caterpillar, tangu mwaka 1931 na kwa miaka mingi baadaye, yaliwashwa kwa kiinjini kidogo cha petroli, si kwa betri kubwa. Fundi aliyefunzwa kwenye mashine hizo hakuwa na gesi ya kuogopa. Zilipokuja za kuwashwa kwa umeme, betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kupata 24, watu wakaletewa mashine bila somo.

Juzi nilimpelekea baba mdogo haidromita. Akavaa miwani, akaitoa betri nje, akazima chaja ukutani kwanza ndipo akabandua vibanio. Akafyonza maji ya chumba kimoja baada ya kingine: 1.26, 1.26, kisha 1.14.

"Hicho chumba cha tatu kimekufa, mwanangu," akasema. "Mwambie mwenye nayo asipoteze umeme wake."