Kisumu Ililia Peke Yake

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji wanaiita Russia mpaka leo. Waziri Tom Mboya, Mjaluo, alikuwa ameuawa Nairobi mwezi Julai, na matanga hayakuwa yamepoa. Kenyatta na kiongozi wa upinzani Oginga Odinga walitupiana maneno makali mbele ya umati, mawe yakaanza kuruka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Walionusurika wametaja idadi kubwa zaidi, wakiwemo watoto waliopangwa kando ya barabara kumlaki mgeni. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini.

Kwa miaka mingi maafa hayo yalihesabiwa kuwa ya Wajaluo. Naona hapo ndipo penye kiini cha historia ya Wakenya na polisi wao: risasi ilipoanguka, wengi waliuliza kwanza imempata nani, na jibu ndilo lililoamua kama watahuzunika.

Wakoloni nao walikuwa wameufyatulia umati risasi. Machi 16, 1922, maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi wakidai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwaambia wampe suruali zao avae yeye. Polisi walipiga risasi, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Simulizi za wakati huo zinaeleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Hesabu rasmi ilikuwa vifo 21, lakini Waafrika hawakuikubali.

Uhuru ulikuja, lakini Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1950 ikabaki, na hadi mageuzi ya 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Ndiyo maana mkutano wa kudai vyama vingi ulioitishwa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, ulihesabiwa kuwa haramu hata kabla haujaanza. Walioitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wameshakamatwa. Ghasia zilienea hadi Nyeri, Murang'a na Nakuru, na safari hii waliozika walikuwa wa Mlima Kenya.

Machi 1992 kulikuwa na tukio ambalo, kwa muda, lilivunja mipaka hiyo ya kabila. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamefunga kula katika bustani ya Uhuru. Polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi, mwanaharakati Wangari Maathai aliyekuwa nao akapigwa hadi akazirai, na wazee wale wakavua nguo mbele ya askari walio sawa na wana wao. Kila jamii ya Kenya inaelewa laana ya mama. Walihamia kanisa kuu la All Saints, na mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa hao wote wakawa wameachiliwa.

Baada ya uchaguzi wa 2007 tulirudi kulekule. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu vifo 1,133, kati yake 405 vya risasi, lakini taarifa hizo zilisomwa kwa miwani ya chama na kabila. Mwaka 2017, baada ya uchaguzi mwingine, mtoto wa miezi 6 alipigwa kichwani Kisumu, polisi walipovamia nyumba yao usiku, naye akafa. Bado nilisikia watu wazima wakiuliza kwa nini “hao” hawakutulia.

Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, chama wala kiongozi. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na watu wakaona mauaji moja kwa moja kwenye simu zao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha vifo 60 kutokana na maandamano ya mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakanusha, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti. Vijana wa kila jamii walijaa barabarani kumlilia.

Ila maduka ya Nairobi yaliporwa tarehe 25 Juni 2025, na Rais William Ruto aliposema Julai kwamba wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, wafanyabiashara kadhaa walimuunga mkono. Hasara yao ni ya kweli na wanastahili kulindwa. Lakini siku mbili kabla ya kauli hiyo, siku ya Saba Saba, risasi ilimuua msichana wa miaka 12 akiwa ndani ya nyumba yao Kiambu. Anayetetea risasi na atuambie mtoto yule alikuwa amepora duka la nani.