Kwato za Eclipse

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Leo twapenda kuigeuza methali hiyo, tuulize: je, fadhila ya mwanadamu kwa mnyama aliyemtumikia ni nini? Jibu tutalitafuta katika habari za farasi mmoja wa Uingereza, jina lake Eclipse.

Farasi huyu alizaliwa mwaka 1764, wakati jua lilipopatwa, na jina lake maana yake ni huko kupatwa kwa jua. Bwana wake wa kwanza alikuwa Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George wa Pili. Mwaka uliofuata Duke alifariki, na mwanafarasi akanunuliwa na William Wildman, mfanyi biashara ya nyama. Baadaye akawa mali ya Dennis O'Kelly, mtu wa Ireland. Alianza kushindana huko Epsom mwezi wa Mei 1769, na hata ulipokwisha mwaka 1770 alikuwa ameshinda mara 18, wala hakushindwa hata mara moja. Siku nyingine alikwenda peke yake uwanjani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumleta farasi wake kushindana naye. Ndipo alipopumzishwa mbio, akawekwa kuwa dume la kuzalisha. Na farasi wa mashindano walio wengi kabisa ulimwenguni leo ni wa ukoo wake kwa upande wa baba.

Mtu angedhani kwamba mnyama mwenye thamani kama hiyo alipata kila matunzo. Lakini katika uzee wake kwato ziliharibika. O'Kelly alipokwisha kufa, warithi wake walihamisha farasi wao mwaka 1788, kutoka Epsom iliyo kusini ya London mpaka Cannons, kaskazini ya mji huo. Eclipse hakuweza kwenda safari hiyo kwa miguu yake. Yule aliyewaacha wenzake wote nyuma alipakiwa katika gari, akakokotwa na farasi wengine njia nzima. Mwezi wa Februari 1789 alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akafa.

Nani angemtibu? Zamani hizo Uingereza haikuwa na chuo hata kimoja cha utabibu wa wanyama. Farasi mgonjwa alipelekwa kwa mhunzi aliyempigilia viatu vya chuma, na dawa zake zilikuwa kumtoa damu, kumharisha, na kumchoma kwa chuma cha moto. Wafaransa walikuwa wametangulia, kwani chuo cha Lyon kilianzishwa mwaka 1761. Mwanafunzi wa chuo hicho, Charles Vial de Sainbel, alikuwa Uingereza siku zile, naye ndiye aliyeitwa kuupasua mwili wa Eclipse. Aliipima mifupa yake mmoja mmoja, na habari zake akazitoa katika kitabu. Kazi ile ilimpatia sifa, na chuo cha kwanza cha utabibu wa wanyama kilipoanzishwa London mwaka 1791, yeye ndiye aliyefanywa mwalimu wake mkuu. Mwezi wa Januari 1792 walianza wanafunzi 4 tu. Sainbel mwenyewe alikufa mwaka 1793, lakini chuo kinaendelea hata leo, na mifupa ya Eclipse ingali imehifadhiwa humo.

Na elimu hiyo imetufunza nini? Kwanza, ukwato si jiwe. Ndani yake mna mfupa ulioshikwa na tabaka laini zenye uhai. Tabaka hizo zikivimba, mfupa waweza kuachana na ukuta wa ukwato na kuzama, na mnyama hushindwa kusimama. Nafaka nyingi, majani mabichi yenye utamu mwingi na unene wa kupita kiasi huweza kuleta ugonjwa huo. Kwa hiyo farasi aliyepumzishwa mbio hupunguziwa nafaka kidogo kidogo, kwani chakula cha mkimbiaji humdhuru asiyekimbia. Kwato zake hukatwa na kusawazishwa kila baada ya juma 6 hadi 8, hata kama havai viatu. Meno yake hutazamwa walau mara moja kwa mwaka, maana meno yenye ncha kali humzuia kutafuna, akakonda mbele ya chakula tele. Wala hafungiwi bandani kutwa kucha: hupewa nafasi ya kutembea malishoni pamoja na wenzake, kwa kuwa viungo vyake vyahitaji mwendo.

Mambo hayo si makubwa, wala hayahitaji mali nyingi kama ile aliyoichuma Eclipse kwa mabwana zake. Yahitaji mtu wa kuinama na kuuinua mguu wa mnyama, autazame kabla hajaanza kuchechemea. Eclipse alitazamwa hivyo alipokwisha kufa. Walio hai wasingojeshwe hata siku hiyo.