Hifadhi Ardhi Dodoma: Mtaalamu, Bwana Misitu na Mfugaji

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua ni haba, nayo inyeshapo hunyesha kwa kishindo, ikauchukua udongo usio na majani ya kuuzuia. Katika miaka ya 1930, huko Mpwapwa, R. R. Staples alipima jambo hilo katika vipande vya ardhi, akaonyesha kwamba penye majani hasara ni ndogo, na penye ardhi tupu ni kubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanajiografia wa Dar es Salaam na wa Uppsala waliishika kazi hiyo upya. Walipima tope lililojaa katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, karibu na Dodoma. Na mwaka wa 1972 Anders Rapp na wenzake wakayachapisha matokeo.

Mwaka uliofuata, Idara ya Misitu, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mabwana misitu walitengeneza matuta, wakaziba makorongo, wakapanda miti. Lakini kazi hiyo haikutosha maadamu mifugo ilikuwa ikilisha palepale. Mwaka wa 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,250.

Nyasi zilirudi, na visiki vikachipua. Basi juu ya udongo, mpimaji na bwana misitu walisema kweli. Lakini ng'ombe hawakutoweka; walihamishiwa kwingine, na mzigo wa malisho ukawafuata. Waliobaki walikosa maziwa na samadi. Ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaletwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa zizini.

Hifadhi maana yake ni ulinzi. Mtu aliyeondolewa ng'ombe wake ana haki ya kuuliza ni nani aliyelindwa. Swali hilo halipimwi kwa tope la bwawa. Mwaka wa 1986 Wilhelm Östberg alichapisha kitabu juu ya mageuzi ya Kondoa, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Stockholm na wa Dar es Salaam walichunguza pia maisha na maoni ya wakulima wenyewe.

Yafaa kukumbukwa kwamba ushirika wa elimu na utawala wa misitu ulikuwapo Dodoma tangu mwanzo. Aliyechelewa kualikwa barazani ni mwenye ng'ombe, naye ndiye aliyelipa gharama kabla ya wengine wote.